Jina la Nne

Mnuer wa Sudan Kusini akiombwa jina lake kamili hutaja watu wanne. Hutaja jina alilopewa yeye, la baba yake, la babu yake na la baba wa babu. Na wazee wakiwapo huendelea kupanda mpaka waridhike kwamba wamejua mtu huyu anatoka wapi. Hakuna jina moja la familia linalokaa mwishoni kizazi baada ya kizazi. Mtoto akizaliwa huingia mwanzoni mwa mfululizo, na waliomtangulia wote husogea nyuma hatua moja. Kwa hiyo mkubwa kuliko wote yuko mwisho wa jina.

Na mwisho wa jina ndiko kompyuta inakokata.

Nitoe mfano wa jina nililolitunga kwa majina yaliyo ya kawaida kwao: Nyakuoth Gatluak Gatkuoth Chuol. Nyakuoth ni binti, Gatluak ni baba, Gatkuoth ni babu, na Chuol ndiye baba wa babu. Hesabu herufi zote pamoja na nafasi tatu za katikati, utapata 31. Jina hilo limo katika jedwali la hifadhidata ambalo safu yake ya majina inabeba hadi herufi 100. Siku moja linanakiliwa kwenda jedwali jingine, ambalo mtu fulani alilitengenezea safu ya herufi 25 kwa kukadiria tu. Herufi ya 25 ni ile h ya mwisho ya Gatkuoth. Kinachofika upande wa pili ni Nyakuoth Gatluak Gatkuoth, jina safi, lenye kuanza na kuishia vizuri, ambalo mtu yeyote akilisoma ataliamini. Chuol amebaki njiani na hapana alama inayoonyesha kwamba aliwahi kuwapo.

Kwa maoni yangu huu ndio mkato mbaya kuliko mingine yote. Jina likikatwa katikati ya neno, angalau karani atashtuka, atauliza, atarudi kwenye daftari la mwanzo. Likikatwa pale hasa neno linapokwisha, hakuna wa kushtuka. Tena ikiwa kuna Nyakuoth Gatluak Gatkuoth mwingine ambaye wa nne wake ni Deng, sasa wanawake hao wawili ni jina moja. Programu ya kutafuta waliojiandikisha mara mbili itawaweka kando, na mmoja wao atakuja kusimama mbele ya meza ya kugawia chakula aambiwe kwamba mgao wake umeshachukuliwa.

Nalisema hili nikiifikiria Mangateen, mtaa wa Juba wenye kambi ya watu waliohamishwa na vita. Vita hivyo vilianza mjini Juba usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, na maelfu ya watu wakakimbilia ndani ya vituo vya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2018, baada ya mapigano kuzuka ndani ya kambi iliyokuwa UN House, kimojawapo cha vituo hivyo, baadhi ya waliokuwa wakiishi humo walihamishiwa Mangateen. Wengi wao ni Wanuer. Watu hawa wanaishi kwa orodha. Iko orodha ya chakula, ya maturubai, ya fedha taslimu, ya watoto wa shule, ya wanaotaka kurudi kwao. Orodha hizo hazitungwi zote na mkono mmoja wala hazikai katika kompyuta moja. Huombwa, hutumwa, huunganishwa, huhamishwa kutoka laha ya Excel kwenda hifadhidata na kutoka hifadhidata moja kwenda nyingine. Katika kila uhamisho, jina la mtu hupita mlango ambao upana wake ulipangwa na asiyemjua.

Ni kweli kwamba siku hizi usajili mwingi katika kambi za Sudan Kusini hutumia alama za vidole, na kidole hakikatwi mwisho. Lakini karatasi inayochapishwa na kupelekwa kwenye foleni ina majina. Mzee wa mtaa anayeulizwa kama anamjua huyu husomewa jina. Mtoto aliyepotezana na wazazi hutafutwa kwa jina. Mashine ya vidole huweza kusema kwamba huyu ndiye yule aliyekuja juzi. Haiwezi kusema yeye ni wa nani.

Hifadhidata hazina tabia moja katika jambo hili la kukata majina, na anayehamisha majina bila kuijua tabia ya aliyo nayo anafanya kazi gizani. PostgreSQL hukataa: ikiletewa herufi 31 kwa safu ya 25, husimamisha amri yote na kusema kwamba thamani ni ndefu mno. Oracle nayo hukataa, na katika ujumbe wake wa ORA-12899 hutaja safu, urefu ulioletwa na urefu unaoruhusiwa. SQL Server ya Microsoft hukataa pia, ila kwa miaka mingi ilikataa kwa ujumbe namba 8152, uliosema tu kwamba maandishi yangekatwa, bila kutaja safu wala jina lenyewe. Mtu mwenye maelfu ya mistari aliachiwa atafute mwenyewe ni upi uliozidi. Ni toleo la mwaka 2019 lililoleta kama kawaida ujumbe namba 2628, unaotaja jedwali, safu na thamani iliyogoma. MySQL ndiyo iliyowatesa watu zaidi. Kabla ya toleo la 5.7, lililotoka mwaka 2015, mpangilio wake wa awali haukuwa mkali: ililikata jina, ikalipokea, ikaacha onyo ambalo programu nyingi hazikulisoma. Hata leo, aandikaye INSERT IGNORE kwa nia ya kuruka mistari iliyojirudia hurudisha tabia hiyohiyo ya zamani bila kujua. SQLite, ile ndogo inayokaa ndani ya simu, haijali kabisa upana ulioandikwa. Hupokea jina lote, na tatizo hujitokeza siku data inapotoka kwenye simu ya mwandikishaji kuingia kwenye seva iliyo kali zaidi.

Zile kali nazo zina njia ya kulainika. Ukiiamuru PostgreSQL kwa CAST igeuze jina liwe maandishi ya herufi 25, italikata bila neno, kwa kuwa kanuni ya SQL, lugha ya hifadhidata hizi, inasema hivyo: umeomba mwenyewe. Katika SQL Server, CAST isiyotajiwa urefu huchukua herufi 30, na jina letu la mfano linapoteza herufi moja tu ya mwisho, upungufu ambao jicho lililochoka haliuoni.

Sasa tufikirie jioni ya kabla ya siku ya ugawaji. Umeme unategemea jenereta, intaneti inakuja na kuondoka, orodha inatakiwa asubuhi, na hifadhidata imegoma kupokea mistari kwa sababu ya urefu. Karani anajua amri moja itakayomaliza ugomvi: LEFT, chukua herufi 25 za kwanza. Anaiandika, ujumbe wa hitilafu unatoweka, orodha inajaa. Simlaumu kwa haraka. Watu wana njaa na yeye ana bosi. Lakini hapo ndipo kasoro ya mashine inapogeuka kuwa tendo la mtu. Mashine ilikuwa imesema kweli, kwamba majina haya hayaenei hapa. Jibu la kweli lilikuwa kupanua mahali, si kufupisha watu.

Kuna sababu ya pili ya majina haya kugoma, ambayo haionekani kwa kuhesabu herufi kwa kidole. Asili yake iko karibu sana na Mangateen. Mwaka 1928, Rejaf, kando ya Mto Nile kusini kidogo ya Juba ya leo, ulifanyika mkutano wa kuamua jinsi lugha za Sudan ya kusini zitakavyoandikwa. Alikuwapo Diedrich Westermann, mwanaisimu Mjerumani, na alama alizozitetea zikakubaliwa: ɛ, ɔ, ŋ, ɣ, ili kila sauti iwe na herufi yake. Kinuer kimo katika lugha zilizoshughulikiwa hapo, na herufi hizo kinazo mpaka leo. Mwaka huohuo wa 1928, Mombasa, mkutano mwingine ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kiswahili kikaendelea na herufi zilizopatikana kwenye taipureta yoyote. Sisi tunaoandika Kiswahili tumepita maisha yetu yote ya kompyuta kwa wepisi kwa sababu ya herufi hizo. Usumbufu wetu ni mdogo: ritifaa ya Ng'ang'a, ambayo kwa lugha ya SQL ni mpaka wa maandishi na huvunja amri iliyoandikwa ovyo.

Wanuer na majirani zao Wadinka waliandikiwa lugha zao kwa uangalifu zaidi, na kompyuta zikaja kuwatoza kwa uangalifu huo. ASCII, mpangilio wa herufi uliotolewa Marekani mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu, na ɔ haimo. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, ambayo inazibeba herufi zote za dunia, lakini si kwa bei moja. Herufi za Kiingereza na Kiswahili huchukua baiti moja moja. Herufi ɔ huchukua mbili, ŋ mbili, ɛ mbili. Ile ɛ̈ ya Kidinka, yenye nukta mbili juu, huundwa na herufi mbili zilizoshikamana na kuchukua baiti nne.

Turudi kwa binti wa mfano wetu, safari hii tumwandike kama Kinuer kinavyoandikwa: Nyakuɔth Gatluak Gatkuɔth Cuɔl. Herufi na nafasi zake ni 30 kamili. Mpe safu iliyoandikwa 30, nawe uape kwamba ataenea. Katika Oracle, ambayo isipoambiwa vingine huhesabu baiti, atakataliwa: ameleta 33, zinaruhusiwa 30. Katika PostgreSQL, ambayo huhesabu herufi, atapita. Data ileile, namba ileile ya safu, majibu mawili. Na pale ambapo programu ya kati inakata kwa baiti bila kujali herufi, kwa mfano kwenye baiti ya 31, kisu kinapita katikati ya ɔ ya Cuɔl, na nusu iliyobaki haisomeki tena. Kwenye skrini hutokea kile kialama cha kuuliza ndani ya almasi nyeusi.

Watu wa Mangateen wamebeba majina yao kupitia maandishi mengi. Aliyesomea Kakuma, kambi iliyofunguliwa Kenya mwaka 1992, aliandikwa kwa herufi za Kilatini na huenda akarudi na Kiswahili kinywani. Aliyekimbilia Gambella, Ethiopia, huenda aliandikwa kwa herufi za Kiamhari, ambazo kila moja katika UTF-8 ni baiti tatu. Aliyekulia Khartoum, akarudi baada ya vita vya Sudan vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023, ana hati za Kiarabu, baiti mbili kwa kila herufi. Ndugu watatu wa baba mmoja wanaweza kuja na jina la babu yuleyule katika urefu wa aina tatu. Anayepima safu kwa majina ya darasa lake mwenyewe hawezi kuwapima hawa.

Basi tatizo linatafutwaje? Kwanza unaiuliza data yenyewe, si mtu aliyekuletea. Katika jedwali la chanzo unaomba urefu mkubwa kuliko wote wa kila safu, kwa herufi na kwa baiti, kisha unaulinganisha na upana wa safu ya pili. Kazi ya dakika chache, na ni ajabu jinsi inavyorukwa. Unaangalia nafasi tupu zilizoning'inia mwishoni mwa majina na alama za mstari mpya zilizonaswa kutoka Excel, kwa maana huongeza urefu bila kuonekana. Ukiona safu zote zinatosha na bado amri inagoma, unatafuta kichochezi, ile amri iliyofichwa inayoandika nakala ya kila badiliko kwenye jedwali la ukaguzi. Mara nyingi jedwali hilo lilisahauliwa siku jedwali kuu lilipopanuliwa, na ndilo linalogoma.

Kwa data iliyohamishwa zamani, wakati hakuna tena ujumbe wa hitilafu, ipo njia ninayoipenda kuliko zote. Hesabu ni majina mangapi yana herufi 20, mangapi 21, mangapi 22, mpaka mwisho wa safu. Majina ya watu hupungua taratibu kadiri yanavyorefuka. Ukikuta idadi inashuka, inashuka, kisha pale kwenye 25 inapanda ghafla kama kichuguu, umeona mahali walipokatiwa watu wote waliozidi. Hifadhidata ilinyamaza, lakini hesabu haikunyamaza. Kutoka hapo unajua ni nani wa kuwafuata kwenye daftari la mwanzo, ikiwa daftari lingalipo. Kama halipo, hapana amri ya kompyuta itakayomrudisha Chuol. Inabidi mtu aende, aketi na yule mama, amwulize upya.

Pasipoti zinatufundisha kwamba hata pasipo na nafasi, mtu anaweza kukata kwa uaminifu. Katika mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, zinatoa nafasi 39 kwa jina. Jina likizidi linafupishwa kwa utaratibu ulioandikwa, na nafasi ya mwisho inaachwa na herufi badala ya alama ya kujazia, ili asomaye ajue kwamba huenda jina halikuishia hapo. Mkato unajitangaza. Orodha za misaada zingeweza kufanya hivyo kwa safu moja ndogo ya ziada, ya ndiyo au hapana: jina hili limefupishwa.

Jambo hili lina uzito wa kisheria, wala haliishii kwenye heshima ya wahenga. Sheria ya uraia ya Sudan Kusini ya mwaka 2011, mwaka wa uhuru, inamtambua kuwa raia kwa kuzaliwa mtu ambaye mzazi wake, au babu au bibi yake, au mzazi wa babu au bibi, alizaliwa katika nchi hiyo. Au ambaye ni wa mojawapo ya jamii za asili za nchi. Soma vizazi hivyo kwa mpangilio, utaona sheria imefika hadi kwa yule wa nne. Mwanamke aliyezaliwa ukimbizini, wa baba na babu waliozaliwa ukimbizini, anaweza kujikuta hana wa kumtaja mbele ya ofisa isipokuwa Chuol. Ikiwa kila karatasi aliyonayo ilichapishwa kutoka kwenye safu ya herufi 25, karatasi zake zote zinakubaliana, na zote zina upungufu uleule. Kukubaliana kwao kutaonekana kuwa ndio ushahidi.

Edward Evans-Pritchard, Mwingereza aliyewaandikia Wanuer kitabu mwaka 1940, aliona kwamba nasaba zao haziendi nyuma bila kikomo. Kutoka kwa watu walio hai mpaka mwanzilishi wa ukoo walihesabu vizazi kama kumi au kumi na viwili, na idadi hiyo haikukua kadiri miaka ilivyopita, kwa sababu baadhi ya majina ya katikati yaliachwa. Kumbukumbu ya binadamu nayo hukata, basi. Lakini inakata kwa kujua: huwaacha wale ambao hakuna tawi lililoanzia kwao, na humshika aliye mwanzo wa wote, kwa kuwa kwake ndiko watu hukutana wanapotafuta kama ni ndugu, kama wanaweza kuoana, ng'ombe wa mahari waende kwa nani. Safu ya hifadhidata haina maarifa hayo. Inaanza kushoto, inahesabu, na inapofika mwisho wa nafasi inamwacha mkubwa nje.

Kwa hiyo ninakuomba wewe unayetengeneza jedwali litakaloandikwa watu, uwe Juba, Nairobi au Dar es Salaam. Usikadirie urefu wa jina. Nenda uombe majina marefu zaidi ya mahali unapoandikia, yaandikwe kwa herufi za wenyewe, uyapime kwa baiti. Wape watu safu nne, moja kwa kila kizazi, badala ya tatu za fomu za Kizungu. Jina kama lilivyotamkwa na mwenyewe lihifadhi mahali ambapo hapana atakayeligusa, hata kama nakala zake zitafupishwa kwingine. Hamisha kwanza kwenda jedwali la muda lenye safu pana, kagua, ndipo umimine. Na hifadhidata ikigoma, ishukuru na usimamishe kazi, hata kama ni usiku. Upana hauna gharama unayoweza kuiogopa: katika safu ya urefu unaobadilika, jina la herufi 31 huchukua karibu nafasi ileile kwenye diski, safu iwe ya 50 au ya 200, na katika PostgreSQL, tangu toleo la 9.2, kuipanua safu hiyo ni amri ya mstari mmoja isiyohitaji hata kuandika jedwali upya.